Juu ya Dhamana ya Kitu Chenye Ila: Aliyejeruhiwa Amdai Nani?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: haya ni majibu ya swali tuliloulizwa na mama mmoja, mzazi wa kijana aliyesoma katika chuo chetu. Alikuja baada ya sala ya alasiri, mkono wake wa kuume ameuficha ndani ya buibui, akakaa upenuni mpaka watoto wote walipokwisha kutoka. Khabari yake ni hii. Mwanawe, ambaye kazi yake iko mji mwingine, alimnunulia jiko la gesi kwa ajili ya Idi, pamoja na mtungi wake mdogo na mpira wake na kile kichwa kifungwacho juu ya mtungi, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Akampelekea mamake kwa basi, likiwa katika boksi lake. Wiki ya tatu, alfajiri, mama aliwasha kiberiti ili akaange mahamri ya kuuza, na gesi ilikuwa imekwisha kuvuja pale mpira ulipoungana na kichwa. Moto ukashika leso. Alilala hospitali siku ishirini na tatu. Mkono haukunji tena, na mahamri ndiyo yaliyokuwa riziki yake.

Walipokwenda dukani, mwenye duka aliwajibu maneno matatu. La kwanza: "Mama, hukununua wewe, amenunua mwanao, mimi na wewe hatuna maagano." La pili: "Mimi sikutengeneza, boksi limekuja limefungwa nami nimeliuza limefungwa." La tatu: alimwonyesha karatasi iliyokuwamo ndani ya boksi, yenye maandishi madogo, isemayo kwamba watengenezaji na wauzaji hawachukui dhamana ya madhara yoyote. Basi yule mama akatuuliza: "Maalim, mimi nimdai nani? Au moto huu ni wangu peke yangu?"

Hatukutaka kumjibu kwa neno moja, kwani mas'ala haya mahakimu wa mataifa wameyashindania kwa karibu miaka mia mbili, na kila jibu katika yale majibu matatu ya mwenye duka liliwahi kuwa hukumu ya korti kubwa. Wala mwenye duka huyo si mtu mwovu. Amesema yale ambayo wauzaji wengi huyasema, na wengi wao huamini kuwa ndiyo sheria.

Jua, ewe msomaji, ya kwamba mwenye kudhuriwa na kitu chenye ila ana njia tatu za kudai. Ya kwanza ni njia ya mkataba: kwamba mwuzaji ameahidi, kwa ulimi au kwa hukumu ya sheria, kuwa kitu ni kizima, na ahadi imevunjika. Ya pili ni njia ya taksiri: kwamba fulani alipasiwa kufanya hadhari, asiifanye. Ya tatu ni njia ya dhamana isiyoangalia kosa: kwamba kitu kilikuwa na ila, ila ikadhuru, basi aliyekileta sokoni atalipa, hata kama alifanya hadhari zote.

Njia ya kwanza ndiyo iliyo karibu na yale tunayoyasoma katika mlango wa biashara. Katika madhehebu yetu mnunuzi akiona kwenye kitu ila iliyokuwako kabla hajakipokea, nayo yapunguza thamani yake, ana hiari ya kukirudisha na kutwaa thamani yake, na yampasa afanye hivyo mara moja, asikawie. Mwuzaji kusema "sikujua" hakumwondolei kitu, kwani hukumu haikujengwa juu ya kujua kwake. Sheria ya mauzo ya Kenya, ambayo imefuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, ina maana hiyo hiyo kwa mtu afanyaye biashara ya bidhaa za namna ile: bidhaa yapasa iwe ya kufaa kuuzwa, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameitaja naye akategemea ujuzi wa mwuzaji. Tofauti ni kwamba hiari yetu yahusu kitu na thamani yake, na sheria hii yaingia mpaka katika jeraha. Lakini zote mbili zinakutana mahali pamoja: mwenye haki ni yule aliyenunua. Na mama yetu hakununua.

Hapo ndipo neno la kwanza la mwenye duka lilipo na nguvu, na asili ya nguvu hiyo ni hukumu iliyotolewa Uingereza mwaka 1842. Bwana mmoja, Winterbottom, alikuwa akiendesha gari la farasi la kupeleka barua. Gari lile alilitoa Wright, ambaye alifanya maagano na mkuu wa posta kuwa atalitoa na kulitunza. Likavunjika njiani, dereva akawa kilema maisha yake yote. Alipomdai Wright, majaji walimwambia: maagano ya Wright yalikuwa na mkuu wa posta, si nawe. Na jaji mkubwa wa korti ile, Lord Abinger, alihofu kwamba wakimfungulia mlango huyu, basi kila abiria na kila mpita njia ataingia, na madai hayatakuwa na mwisho. Hofu hiyo hatuiiti upumbavu, kwani kadhi yeyote anajua maana ya mlango usiokuwa na komeo. Lakini tazama matokeo yake: gari lilikuwa bovu, mwenye kulitunza anajulikana, aliyevunjika anajulikana, na gharama yote ikabaki juu ya aliyevunjika.

Kwa muda wa miaka mingi hukumu hiyo ilisimama, ila ilitobolewa hapa na pale. Huko New York mwaka 1852 mtu aliyetia dawa ya sumu katika chupa yenye jina la dawa ya majani isiyodhuru alihukumiwa kulipa, ijapokuwa mgonjwa hakununua kwake, kwa kuwa sumu ni kitu cha hatari kwa dhati yake. Kisha mwaka 1916, huko huko New York, ikaja kesi ya MacPherson na watengenezaji wa motokaa za Buick. Gurudumu lilikuwa la mti, na mti wenyewe mbovu. Likavunjika gari likienda, MacPherson akaumia. Alilinunua gari kwa wakala, si kiwandani. Na gurudumu lenyewe kiwanda kilikuwa kimelinunua kwa mtu mwingine. Jaji Cardozo alisema kwa maana kwamba hatari haimo katika sumu na baruti tu. Kitu chochote ambacho kikitengenezwa kwa uzembe yatarajiwa kwa hakika kitahatarisha watu, na mtengenezaji anajua kwamba watakaokitumia si mnunuzi wa kwanza peke yake, basi yampasa hadhari juu yao wote, na kupasiwa huko kwatoka katika sheria, hakuna haja ya maagano.

Sasa twafika kwenye kesi ambayo wanafunzi wa sheria huianza kabla ya nyingine. Ilikuwa tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland. Bibi May Donoghue aliingia mkahawani pamoja na rafikiye, na rafikiye ndiye aliyeagiza na kulipa: aiskrimu na kinywaji cha tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, haionyeshi kilichomo. Akanywa kidogo, rafikiye alipommiminia kilichobaki, kukaelea, kama alivyodai, konokono aliyekwisha kuoza. Bibi huyo akaugua tumbo na kufadhaika. Alikuwa maskini hata akaruhusiwa kushtaki kama fakiri, asilipishwe gharama. Na wakili wake, Walter Leechman, alikuwa ametoka tu kushindwa katika kesi nyingine ya kinywaji hicho hicho cha tangawizi, ambamo kilichodaiwa kuonekana chupani ni panya. Korti ya Scotland iliamua Machi 1929 kwamba mtengenezaji hana deni kwa asiyekuwa na maagano naye. Mwezi uliofuata wakili huyo akafungua kesi ya konokono. Huu ndio ustahimilivu tunaowahimiza wanafunzi wetu wanapoanguka katika i'rabu.

Kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, na hukumu ikatolewa tarehe 26 Mei 1932, watatu kwa wawili. Lord Atkin alilipeleka jambo katika ujirani. Jirani katika sheria, kwa maana ya maneno yake, ni kila mtu ambaye kitendo changu kitamgusa kwa karibu hata yanipasa nimfikirie ninapokitenda. Basi nijihadhari na lile ninaloweza kuliona kabla kwamba litamdhuru. Na mtengenezaji anayetoa bidhaa katika chombo kilichofungwa, akikusudia imfikie mlaji kama ilivyotoka kwake, pasipo mtu katikati kuweza kuichungua, huyo ana deni la hadhari kwa mlaji. Lile neno la pili la mwenye duka, kwamba boksi limekuja limefungwa, kwa hukumu hii halimwokoi mtengenezaji bali ndilo linalomfunga. Kwa kuwa boksi limefungwa, hadhari yote imebaki mikononi mwake.

Wengi hawajui kwamba konokono yule hakuthibitishwa kamwe. Malodi waliamua tu kwamba, lau yote aliyoyadai ni kweli, basi sheria ingempa haki. Baada ya hapo mtengenezaji, David Stevenson, akafa, na mambo yakamalizika kwa suluhu. Basi hukumu iliyobeba dunia nzima ya madai haya imesimama juu ya konokono ambaye hakuna shahidi aliyeitwa kumsimulia.

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani: je, kwetu sisi mtengenezaji ana hukumu gani? Tulimrudisha kwenye tofauti anayoijua, ya mubashir, yaani aliyetenda kwa mkono wake, na mutasabbib, yaani aliyekuwa sababu. Asili ni kwamba dhamana humfuata mubashir, na mwenye kuwa sababu hudhamini akiwa amevuka mpaka, kama mwenye kuchimba kisima katika njia nyembamba ya watu, kinyume cha aliyechimba ndani ya milki yake. Akasema yule mwanafunzi: basi mama yule ndiye aliyewasha kiberiti, naye ndiye mubashir. Tukamwambia asome vizuri mlango wa jinai katika Minhaj ya Imam Nawawi, mas'ala ya mtu aliyemkaribisha mgeni mzima wa akili chakula chenye sumu, mgeni asijue, akala akafa. Mkono uliotia tonge kinywani ni wa mgeni, walakini kauli yenye nguvu ni kuwa mwenyeji atoe diya, kwa sababu kutenda kwa asiyejua hakukatishi sababu ya aliyemghuri. Hata hivyo hatutaki kuvuta kamba kupita urefu wake: mwenyeji yule aliijua sumu, na mwenye kiwanda huenda hakujua ila. Kwa hivyo kipimo chetu ni kuvuka mpaka, na mtu aliyetoa sokoni kifaa cha moto pasipo kukijaribu ni vigumu kusema hakuvuka. Hii ni rai yetu, wala hatumlazimishi mtu.

Turudi. Njia hii ya taksiri ina mwiba mmoja mkubwa, nao ni ushahidi. Mdai yampasa kuonyesha kwamba kiwandani palifanyika uzembe, na yeye hajapata hata kuliona lango la kiwanda. Majaji walilitambua hilo mapema. Mwaka 1935 Baraza la Faragha la Mfalme, ambalo katika zama zile lilikuwa likisikiliza rufaa za Afrika ya Mashariki pia, liliamua kesi ya Daktari Grant wa Australia. Alinunua nguo za ndani za sufu, akazivaa, akapatwa na ugonjwa wa ngozi uliomlaza miezi, kwa sababu ya dawa ya kiwandani iliyosalia katika sufu bila ya kusuuzwa ikaisha. Wenye kiwanda walileta hoja kwamba wametengeneza nguo zaidi ya milioni 4 kwa namna ile ile na hawakupata malalamiko. Haikuwafaa. Baraza lilisema kwa maana: dawa ikibakia katika nguo, basi kuna mtu kiwandani aliyekosa, na mdai halazimishwi kumtaja kwa jina. Na katika kesi hiyo moja walihukumiwa wote wawili, mwenye duka kwa njia ya mkataba, kwani Grant alinunua mwenyewe, na mwenye kiwanda kwa njia ya taksiri. Tungependa kila mwenye duka aisome kesi hii.

Lakini katika zama hizo hizo Uingereza, bwana aitwaye Evans alishindwa. Kioo cha mbele cha motokaa yake kilipasuka kikamjeruhi yeye na watu wake baada ya kukaa na gari kwa kadiri ya mwaka mzima. Jaji aliona kwamba muda umepita mwingi, na huenda kioo kilibanwa vibaya kilipokuwa kikitiwa katika gari, na palikuwa na nafasi ya kukichungua njiani; kwa hivyo haikuthibiti kuwa ila ilitoka kwa mtengenezaji wa kioo. Tumeitaja kesi hii makusudi, ili mtu asidhani kwamba kuumia peke yake kwatosha. Mdai ambaye hawezi kuziba milango mingine ya sababu, huyo ameiacha kesi yake wazi.

Ni mwiba huu wa ushahidi uliozaa njia ya tatu, nayo ilizaliwa Marekani, katika California. Mwaka 1944 ilihukumiwa kesi ya Bibi Escola, mtumishi wa mkahawa, aliyekuwa akipanga chupa za Coca-Cola katika friji, na moja ikampasukia mkononi. Majaji walimpa haki kwa kanuni ya kwamba jambo lenyewe lasema: chupa za soda hazipasuki hivi hivi mikononi mwa watu ila pawe na uzembe. Jaji Roger Traynor alikubaliana nao katika matokeo, asikubaliane katika sababu. Alisema kwa maana: kwa nini tujidai kuwa twatafuta kosa, na hali kwa kanuni hii tumekwisha kumhukumu mtengenezaji pasipo kuliona? Tuseme wazi kwamba atalipa kwa sababu kitu chake kilikuwa na ila. Yeye ndiye awezaye kuiona hatari kabla, naye aweza kukata bima na kuieneza gharama juu ya bei ya chupa zote, kila mnunuzi akachangia kitu kidogo. Ama aliyejeruhiwa, pigo zima lamwangukia yeye peke yake, tena kwa ghafula. Hakuna aliyemfuata siku ile. Akangoja miaka kumi na tisa.

Katika muda huo, huko New Jersey mwaka 1960, ilihukumiwa kesi ya Henningsen, nayo ndiyo inayohusu lile neno la tatu la mwenye duka, yaani karatasi. Mume alinunua motokaa mpya ili amtunuku mkewe kwa siku ya akina mama. Siku chache baadaye mke alikuwa akiendesha, usukani ukamtoka, gari likagonga ukuta. Karatasi ya ununuzi ilisema kwa herufi ndogo kwamba dhamana yote ni kubadilishiwa vipande vitakavyoharibika katika siku 90 au maili 4,000, na hakuna dhamana nyingine. Korti iliibatilisha sharti hiyo: watengenezaji wote wa motokaa waliandika maneno hayo hayo, basi mnunuzi alikuwa na hiari gani? Na ikasema kuwa mke, ijapokuwa hakununua, anaingia katika dhamana. Haya hayatupi ajabu. Katika mlango wa biashara twasoma kwamba mwenye kuuza kwa sharti la kuepukana na ila zote, sharti hiyo, kwa kauli iliyo dhahiri katika madhehebu, haimwepushi isipokuwa na ila ya ndani ya mnyama ambayo mwuzaji hakuijua, basi. Mnyama hula na kupumua, na maradhi yake hufichika hata kwa mwenyewe. Ama regyuleta haina moyo wala maini.

Kisha mwaka 1963 ikaja zamu ya Traynor. Bwana Greenman alitunukiwa na mkewe mashine ya useremala kwa Krismasi ya mwaka 1955. Miaka miwili baadaye alipokuwa akikereza, kipande cha mti kiliruka kikampiga katika paji la uso, kwa sababu skrubu zilizoshika mashine hazikutosha kukistahimili kishindo. Wenye kiwanda walitaka kuponea katika mkataba: kwamba mdai amechelewa kutoa taarifa. Traynor, sasa akiandika kwa niaba ya korti nzima, alisema kwamba dhamana hii si ya mkataba kabisa. Mtengenezaji anayekitoa kitu sokoni, akijua kwamba kitatumiwa bila ya kuchunguzwa, atalipa kikiwa na ila iliyomjeruhi mtu. Mwaka 1965 wanazuoni wa sheria wa Marekani wakaliandika hilo katika kitabu chao cha kukusanya kanuni, nalo likapokewa katika nyingi ya dola zao: mwenye kufanya biashara ya kuuza hudhamini hata akiwa amefanya kila hadhari, na hata aliyejeruhiwa akiwa hakununua kwake. Zingatia kuwa imesemwa mwuzaji, wala si mtengenezaji peke yake.

Tazama, msomaji, jinsi zawadi inavyorudi katika kesi hizi: rafiki amlipia rafiki, mume ampa mke, mke ampa mume. Sheria ya zamani ilimwuliza aliyeungua, "Risiti ina jina la nani?" na wanaopendana ndio walioanguka katika shimo hilo, kwa kuwa wao hununuliana.

Hata hivyo usidhani kwamba dhamana isiyoangalia kosa ni dhamana isiyoangalia kitu. Ila yapasa ithibiti, na ila ni namna tatu. Kuna ila ya kutengenezwa, ambapo kitu kimoja kimetoka tofauti na wenzake. Kuna ila ya mchoro, ambapo vyote vimetoka sawasawa na vyote ni vya hatari, kwa kuwa vilipangwa vibaya tangu kwenye karatasi. Na kuna ila ya kutoonya. Katika hizi mbili za mwisho mizani ya hadhari imerudi kwa mlango wa nyuma: kitabu chao kipya cha mwaka 1998 chauliza kama palikuwa na mchoro mwingine ulio salama zaidi ambao ungewezekana kwa busara. Wanaosema kwamba taksiri imekufa Marekani hawajasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Ulaya iliamshwa na msiba. Dawa ya thalidomide ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957, wajawazito wakaitumia, na watoto kwa maelfu wakazaliwa wamepungua viungo, mpaka ikaondolewa sokoni huko mwezi wa Novemba 1961. Baada ya mabishano marefu mataifa ya Ulaya yalitoa amri ya tarehe 25 Julai 1985, kwamba mtengenezaji hudhamini ila bila ya kuthibitishiwa kosa. Aliyeingiza bidhaa kutoka nje huhesabiwa kama mtengenezaji. Na mwenye duka asipomtaja mtengenezaji wala aliyemletea, katika muda wa kufaa, yeye mwenyewe huwa mahali pake. Kanuni hiyo ya mwisho twaiona ni ya hekima kubwa kwa nchi ambazo bidhaa zake nyingi huja kwa meli. Lakini waliacha tundu: mtengenezaji aweza kujitetea kwamba elimu ya dunia wakati ule haikutosha kuigundua ila. Yaani lile lile lililowaamsha laweza kupita tena katika tundu hilo. Mwaka 2024 wametoa amri nyingine mahali pa ile, kwa bidhaa zinazotiwa sokoni baada ya tarehe 9 Disemba 2026, nayo yahesabu hata programu za kompyuta kuwa ni bidhaa.

Sasa khabari ya Kenya, na mama yetu. Sheria ya Kenya imepokea kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Hukumu ya konokono ilikuja baadaye, walakini majaji wa Kenya wameifuata. Kwa hivyo njia ya taksiri iko wazi kwake juu ya mtengenezaji, na neno "hukununua wewe" halimzuii. Ama mwenye duka, njia ya mkataba ni ya mwanawe aliyelipa, naye na asimame pamoja na mamake katika madai. Mwenye duka mwenyewe aweza pia kuingia katika taksiri, ikithibiti kuwa aliona alama za ubovu akanyamaza. Karatasi ile ya boksini haina uzito alioudhani, kwani Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haimwachi mwuzaji ajivue dhamana ya ubora kwa maandishi. Na juu ya yote hayo, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imewapa watumiaji haki ya kufidiwa hasara au jeraha litokalo na ila ya bidhaa. Haikutaja risiti, na haikutaja kosa. Sisi twaona kifungu hicho chaweza kubeba njia ya tatu iwapo mawakili watakitegemea, lakini wakili mwenye busara hataacha kuthibitisha taksiri pamoja nacho.

Tulimwuliza mama mambo mawili. La kwanza, moto ulikuwa lini? Akasema miezi kumi na minne iliyopita. Madai ya taksiri yana muda wa miaka 3 tangu jeraha, na ya mkataba miaka 6. Basi wakati ungaliko, ila si wa kuuchezea. La pili, kichwa na mpira viko wapi? Hapo alinyamaza. Jiko liko uani, na mtungi uko. Kichwa na mpira vilioungua mpwawe alivifagia pamoja na majivu wakati yeye yuko hospitali, akavitia katika gunia la vyuma vikuukuu. Tukamweleza ya Evans na kioo chake: kwamba korti itauliza kama kichwa kilifungwa vibaya nyumbani, au mpira ulikatwa na panya, au ni kiwanda, na atakayejibu ni chuma kile, mbele ya fundi anayekijua.

Aliinuka kabla hatujamaliza. Alisema mnunuzi wa vyuma vikuukuu wa mtaani kwao hakai na mzigo zaidi ya mwaka na nusu, naye humwekea kando vitu vya shaba. Kichwa kile kilikuwa cha shaba.